Elden Ring: Kigae cha Alexander, na kwa nini usimuue mtungi kwa ajili ya asilimia 10

#1 Kobe_Mkavu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu,

Juzi usiku nimemaliza gemu ya Elden Ring kwa mara ya pili. Kabla mambo hayajanitoka kichwani nataka niandike jambo ambalo mara ya kwanza nililikosea vibaya. Linahusu hirizi inayoitwa Shard of Alexander, ile inayoongeza nguvu ya mbinu za silaha, yaani mapigo maalumu ya silaha. Shard ni kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kwa hiyo humu nitaiita kigae. Kama bado hujafika mbali na hutaki kujua yajayo, ishia hapa, maana nitasimulia mpaka mwisho wa huyu bwana.

Kwa asiyemjua, Alexander ni mtungi. Mtungi mkubwa kabisa, una mikono na miguu, una sauti nzito yenye upole, na tamaa yake moja duniani ni kuwa shujaa. Unamkuta Limgrave, eneo la mwanzo la gemu, kaskazini ya Saintsbridge, amenasa kwenye shimo anaita msaada. Mwaka 2022 gemu ilipotoka, mshikaji wangu aliniambia nimmalize palepale kwa sababu anaacha hirizi. Nikammaliza. Nikapata Warrior Jar Shard, ambayo inaongeza asilimia 10 kwenye mbinu, nikaona nimepata mali.

Baadaye nikawa naangalia mtu mwingine akicheza. Akafika Redmane Castle, na pale uwanjani alikuwepo yule mtungi, kasimama na wapiganaji wengine wanasubiri kwenda kumkabili bosi Radahn, amejaa furaha kama mtu aliyealikwa kwenye harusi. Mimi nilipopita pale pake palikuwa patupu. Iliniuma kweli, na sikuwa na la kufanya, maana Elden Ring inajihifadhi yenyewe kila wakati. Uliyemuua umemuua.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda naye mwanzo mwisho, na njia ni hii.

Pale Limgrave ongea naye mpaka akuombe umgonge, kisha mzungukie nyuma umpige mapigo mazito mpaka achomoke. Anashukuru, anakupa Exalted Flesh, na anakwambia anaelekea Caelid kwenye tamasha la Radahn. Unaweza kumkuta tena kwenye Gael Tunnel, mpakani mwa Limgrave na Caelid, ila hapo si lazima. Redmane ongea naye, na vita vikianza mwite kwa alama iliyo mchangani apigane upande wako. Radahn akianguka usiondoke haraka. Rudi kwenye ule uwanja wa mchanga umtafute, yupo katikati ya mabaki ya waliokufa vitani.

Baada ya hapo ananasa tena, safari hii Liurnia, upande wa mashariki juu ya magenge, karibu na Jarburg na Carian Study Hall. Kumpiga tu hakutoshi. Inabidi umrushie Oil Pot kwanza, ateleze, halafu ndiyo umgonge. Kisha unamkuta Mt. Gelmir, amesimama ndani ya lava karibu na Fort Laiedd. Hapo anakupa Jar, yaani mtungi wa kuvaa kichwani. Akishapita hapo unaweza kumwita akusaidie kwa Fire Giant.

Mwisho wake ni Crumbling Farum Azula, jirani na Grace (kituo cha kupumzikia) ya Dragon Temple Lift.

Hapo nataka nikae kidogo. Unamfikia, anaongea nawe kwa heshima zote, halafu anakuomba mpigane. Hana ugomvi na wewe. Ametembea dunia nzima akitafuta mtu wa kumpima, na mtu aliyemwona ni wewe uliyemtoa shimoni. Anapigana kwa moto aliouchota Gelmir. Nilikaa kama dakika tano nimeshika pedi sibonyezi kitu. Nilipomshinda alipasuka akiwa ameridhika, na mkononi nikabaki na kigae chake pamoja na matumbo yake, Alexander's Innards.

Kigae hicho kinaongeza nguvu ya mbinu kwa asilimia 15. Asilimia 5 zaidi ya kile nilichokichukua mwaka 2022. Hata anayetazama hesabu peke yake, faida ipo upande wa aliyevumilia.

Nawasilisha. Wenye maswali karibuni.

---

#2 Lukuledi_Juu

Mkuu shukrani, umeandika vizuri. Sasa mimi nina tatizo. Kigae ninacho, nimekipata wiki iliyopita kwa njia hiyohiyo, lakini namba ya pigo haibadiliki. Natumia upanga mkubwa wa mikono miwili, naruka napiga, naruka napiga. Nimevua nimevaa mara kumi, namba ni ileile. Imekaaje hii?

---

#3 Kobe_Mkavu

@Lukuledi_Juu kigae hakigusi pigo la kawaida, wala pigo la kuruka, wala pigo la kushikilia. Kinagusa mbinu ya silaha tu, lile pigo maalumu linalokula FP, ule mstari wa bluu. Kama mkononi una Bloodhound's Fang, basi ni ile Bloodhound's Finesse. Kama una Moonveil, ni lile wimbi linalotoka kwenye upanga. Kama umeweka Lion's Claw, ni ule mruko wa kupinduka. Mtu ambaye mstari wake wa bluu unabaki umejaa pambano zima anabeba kigae bure.

Wewe wa kuruka hirizi yako ni Claw Talisman, asilimia 15 kwenye mapigo ya kuruka. Ipo Stormveil Castle, unaifikia kwa kupita juu ya mapaa, na wengi wanaikosa kwa sababu wanakimbilia kwa bosi Godrick. Ukifika Altus ingia Sage's Cave utafute vazi linaloitwa Raptor's Black Feathers, nalo linaongeza mapigo ya kuruka. Vaa vyote viwili kisha uje utuambie.

Anayependa kushikilia pigo mpaka lijae, yake ni Axe Talisman, asilimia 10, na unaipata mapema sana: Mistwood Ruins, Limgrave, kwenye chumba cha chini. Dubu wa pale usimguse, mpite kwa kunyata. Na anayepiga harakaharaka bila kupumzika, wa panga mbili mbili, aangalie Winged Sword Insignia. Ile inapanda kwa hatua, asilimia 3, halafu 5, halafu 10, kadiri unavyoendelea kupiga.

Nimezitaja kwa mkupuo kwa sababu swali lako ndilo kosa kubwa la watu wengi. Mtu anasikia hirizi fulani ndiyo kali, anaivaa, lakini namna yake ya kupigana haina uhusiano nayo.

---

#4 Wa_Kisauni

Asalaam aleikum nyote. Mwenzenu nachezea kompyuta, niko Mombasa. Uzi mzuri huu.

Niongeze kwenye hesabu. Hirizi hizi zinazidishana, hazijumlishwi. Chukua mbinu yenye pigo la 1,000. Ukivaa kigae inakuwa 1,150. Ongeza Ritual Sword Talisman, ile ya asilimia 10 wakati damu yako, yaani mstari wa uhai, imejaa kabisa, unapata 1,265. Juu yake weka Lord of Blood's Exultation, asilimia 20 kwa sekunde 20 kila mtu aliye karibu anapotokwa damu, unafika 1,518. Ungejumlisha tu ungeishia 1,450. Kwa hivyo kila unayoongeza inaipandisha na iliyotangulia.

Zinapopatikana: Ritual Sword iko Lux Ruins, Altus Plateau, chini, utapigana na Demi-Human Queen Gilika. Ya damu iko mbali kidogo. Ingia kwenye mifereji ya chini ya Leyndell, tafuta Leyndell Catacombs, umshinde Esgar. Njia ya mule inazunguka vyumba vinavyofanana, mtu anaweza kudhani amerudi alikotoka. Mimi nilipotea karibu saa nzima.

Lakini ndugu yangu Kobe, pana jambo hujalisema. Nafasi za hirizi ni nne tu. Unaanza na moja, na zile tatu utazipata kwa vifuko: cha bosi Margit, cha bibi Enia ukishapata Great Rune mbili (tuzo za mabosi wakubwa), na cha kivuli cha bosi Godfrey mle Leyndell. Mtu akijaza zote nne hirizi za kupiga, atapiga vizuri kisha afe vizuri. Ritual Sword yenyewe inazimika ukiguswa mara moja. Mimi sikubali kumwambia mgeni wa gemu avae tatu za kupiga. Moja ya kupiga, moja ya kumlinda, za mwanzo hizo. Maiti hapigi mtu.

---

#5 Kobe_Mkavu

@Wa_Kisauni waleikum salaam kaka. Hapo umenena na nakubaliana nawe. Mwenyewe nilimaliza na kigae, Ritual Sword, Dragoncrest Greatshield inayopunguza mapigo ya mwili kwa asilimia 20, na Erdtree's Favor. Mbili za kupiga, mbili za kubaki hai.

Kuhusu Ritual Sword, faida yake mimi niliiona kwenye pigo la kwanza. Unaingia damu imejaa, adui hajajiandaa, unaachia mbinu yenye kigae. Hilo pigo moja la kufungulia ndilo lililonipa moyo pale Haligtree. Baada ya hapo sikuitegemea tena.

---

#6 Binti_Matema

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtaalamu wa namba, ila nina la kusema kuhusu huyu mtungi.

Nimekulia Kyela. Akina mama wa Kikisi wa kule Ikombe ndio wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa mnadani Matema, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Chungu kibichi hata kiwe kizuri namna gani hakina kazi, ukitia maji kinarudi kuwa tope. Lazima kichomwe. Na kwenye kuchoma ndiko vingine vinapasuka, kile ulichokifinyanga siku nzima kinalia ndani ya moto, na mwenyewe unakisikia. Kikitoka unakigonga kwa kidole. Mlio ukiwa safi, kimeiva. Ukiwa mzito, kina ufa hata kama huuoni.

Sasa nilipofika Gelmir nikamkuta Alexander kasimama kwenye lava nilielewa papo hapo, bila hata kusoma maneno yake. Aliona kwa Radahn kwamba hakutosha. Kaenda kujichoma upya. Wengi nimeona wanasema kituko cha mtungi kuoga moto, mimi nililia. Ndiyo njia pekee chungu kinavyopata nguvu, na yeye anajua fika kwamba moto unaweza kumpasua.

Na kigae nacho. Kwa shangazi kigae hakikutupwa. Moto ukizima unatumwa kwa jirani na kigae, unaletea kaa la moto. Chungu kimekufa lakini bado kinabeba moto wa nyumba. Kwa hiyo hirizi hii kuongeza nguvu ya mbinu mimi naiona imekaa mahali pake kabisa.

---

#7 Lukuledi_Juu

@Binti_Matema dada umenifanya nitazame tena maelezo ya hirizi yenyewe. Asante sana.

---

#8 Mpare_Mtulivu

Wakuu naomba msaada wa haraka. Nipo Limgrave, nimeanza juzi. Nilikuwa nampiga Alexander ili atoke, nadhani niliendelea kupiga baada ya kutoka kwa sababu kidole kilikuwa bado kwenye kitufe. Kakasirika ananifukuza. Nimekimbia. Nimeharibu?

---

#9 Kobe_Mkavu

@Mpare_Mtulivu tulia, maadamu yu hai hujaharibu. Usimrudie sasa. Nenda Liurnia mpaka Church of Vows, kanisa lenye kobe mkubwa aliyevaa kofia ya askofu. Ukiwa na Celestial Dew moja, unafanya toba kwenye lile beseni mbele ya sanamu, na wote uliowaudhi wakiwa hai wanakusamehe. Aliyekufa hasameheki, ndiyo maana nasisitiza usimrudie.

Na kwa wote: mnapomtoa shimoni, pigeni pigo moja, subirini, tazameni, pigeni jingine. Hakuna anayewakimbiza.

---

#10 Mpare_Mtulivu

Mungu akubariki mkuu. Nikifika Liurnia nitarudi hapa.

Swali jingine nisije nikakwama: hilo tamasha la Radahn linaanza lini? Binamu yangu alifika Redmane akakuta hamna tamasha, kuna maadui tu.

---

#11 Wa_Kisauni

@Mpare_Mtulivu binamu yako aliwahi mno. Tamasha hufunguka ukishagusa Grace ya Altus Plateau, au ukiwa umesogea vya kutosha kwenye kisa cha mchawi Ranni. Njia nyepesi ni Altus: chukua vipande viwili vya medali ya Dectus, kimoja Fort Haight kwenye Limgrave, kingine Fort Faroth kwenye Caelid, upande ile lifti kubwa. Ukishagusa Grace ya juu, rudi Redmane, utawakuta wote, na Alexander yumo.

Ukiwa Fort Faroth kuna hirizi nyingine, Radagon's Soreseal. Inakupandishia nguvu, wepesi, uhai na ustahimilivu pointi 5 kila kimoja. Ni nzuri mno kwa mtu wa leveli ya chini, inakuwezesha kushika silaha usiyoiweza bado. Ila unaumia asilimia 15 zaidi kwa kila pigo, kwa hivyo uivue ukishakua. Kuna watu huisahau mpaka mwisho wa gemu, kisha wanashangaa mbona wanakufa kwa pigo moja.

---

#12 Lukuledi_Juu

Narudi na majibu kama nilivyoagizwa. Claw Talisman nimeipata. Nimefanya jaribio: askari mmoja, sehemu moja, silaha ileile, naruka napiga, nasoma namba inayotokea juu ya mstari wake wa damu, nakaa kwenye Grace, narudia. Tofauti inaonekana wazi kabisa. Kumbe muda wote hirizi haikuwa mbovu.

Lakini nimegundua na jambo jingine. Silaha yangu ilikuwa imeboreshwa mpaka +6 tu. Niko Altus na +6!

---

#13 Wa_Kisauni

@Lukuledi_Juu hapo ndipo penye jibu la nusu ya matatizo yako. Hirizi huongeza asilimia ya kile ulichonacho. Silaha ikiwa dhaifu, asilimia 15 ya udhaifu ni kitu gani? Kaiboreshe silaha kwanza. Silaha za kawaida zinafika +25, zile maalumu za Somber zinafika +10. Nenda Raya Lucaria Crystal Tunnel pale Liurnia uchukue Bell Bearing ya mawe ya kuboreshea silaha, uwape wale mabibi wawili wauzaji wa Roundtable, uanze kununua mawe. Fanya hivyo leo kabla ya kutafuta hirizi nyingine yoyote.

Ukishafika +15 hivi ndipo hirizi inaanza kuonekana thamani yake.

---

#14 Kobe_Mkavu

Naunga mkono #13 kwa asilimia mia. Ningeliweka kwenye bandiko la kwanza kama ningekumbuka.

Niongeze na hirizi moja ambayo haijatajwa, kwa wenye moyo mgumu: Red-Feathered Branchsword. Inaongeza asilimia 20 damu yako ikishuka chini ya moja ya tano. Inaachwa na Deathbird wa Liurnia, karibu na Scenic Isle, na anatokea usiku tu. Mimi sikuitumia zaidi ya siku mbili, moyo ulikuwa unakwenda mbio mno. Lakini kuna watu wanaijua kazi yake.

---

#15 Binti_Matema

@Kobe_Mkavu kaka, yale matumbo ya Alexander ulifanyia nini? Hukusema.

---

#16 Kobe_Mkavu

Bado ninayo kwenye begi dada. Sikujua yana kazi.

---

#17 Binti_Matema

Yana kazi kubwa. Nenda Jarburg, kile kijiji cha mitungi kilicho chini ya magenge huko Liurnia. Kuna mtungi mdogo anaitwa Jar Bairn, anakaa kwenye ngazi za nyumba. Alexander kwake ni uncle, na kwa vile Kiingereza hakisemi ni upande gani, mimi nilipokuwa nikimsimulia mdogo wangu nilisema mjomba, maana mtoto anavyomsifia ni kama sisi tulivyokuwa tunawasifia wajomba zetu.

Kama kisa cha Diallos, mhusika mwingine, pale kijijini kimeshafika mwisho, mpe mtoto yale matumbo. Kumbuka mitungi hii inakua kwa kubeba mabaki ya mashujaa ndani yake. Anayapokea, anayaweka ndani mwake, na anaamua kuanza safari ya kuwa mpiganaji kama mjomba wake. Ukirudi baadaye hayupo tena pale kwenye ngazi, ameacha hirizi iitwayo Companion Jar, inaongeza nguvu ya vyungu vya kurusha. Ukiivaa pamoja na ule mtungi wa kichwani aliokupa Alexander pale Gelmir, unapigana kwa vyungu tupu.

---

#18 Kobe_Mkavu

Nimekwenda sasa hivi. Nimempa.

Niliporudi ngazi zilikuwa tupu na hirizi ipo chini. Nimetoa Erdtree's Favor nimeivaa hiyo, na kigae kiko pembeni yake. Kesho naanza safari ya tatu, na nitapitia Saintsbridge kwanza kabla ya kitu kingine chochote.